Mcheri wako una nini? Anza kwa kuuliza lilianza lini

Mwezi wa sita, mwaka wangu wa tatu hapa Kent, Uingereza, niliamka nikakuta nyasi chini ya mcheri zimejaa vitunda vidogo kama mbaazi, vya manjano vyenye wekundu upande mmoja. Nilivikusanya nusu ndoo. Nikamwagilia mti maji asubuhi na jioni, nikaweka mbolea, na vitunda vikaendelea kuanguka mpaka pakabaki cheri za kuhesabu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha tokea mwezi wa nne, wiki ile maua yalipofunguka na baridi ikawazuia nyuki kutoka. Hakuna maji ya Juni yanayorudisha ua la Aprili.

Nimekulia Lushoto, kati ya plamu na pichesi, na nilidhani miti ya matunda naijua. Mcheri ulinifundisha upya, kwa sababu hauonyeshi ugonjwa siku ile ile ulipoupata. Tawi linalokauka Mei liliumizwa majira ya baridi. Tunda lililozaliwa pacha mwaka huu lina habari za joto la mwaka jana. Ndiyo maana mtu akiniletea picha ya mti wake kwenye simu, swali langu la kwanza ni lini: umeona lini, na miezi sita kabla ya hapo ulifanya nini, hali ya hewa ilikuwaje?

Ninaongelea cheri tamu, zile za kula mbichi, ambazo wataalamu huziita Prunus avium. Cheri chachu za kupikia, kama Morello, zina tabia zake na nitazigusa panapobidi tu. Miezi ninayotaja ni ya Uingereza. Walioko Ujerumani, Kanada au kaskazini mwa Marekani watasogeza wiki mbili tatu huku au kule.

Majani yamestawi, maua hakuna

Angalia kwanza umri wa mti na shina lililobebeshewa. Karibu kila mcheri unaouzwa umebebeshwa, kama tunavyobebesha miembe na maparachichi. Sehemu ya juu inakupa jina la cheri. Sehemu ya chini ndiyo inayoamua mti utakua kiasi gani na utaanza kuzaa lini. Shina liitwalo Gisela 5, lililotoka Giessen Ujerumani, huufanya mti ubaki kama mita 3 na uanze kuzaa karibu mwaka wa 3. Colt, shina lililozalishwa East Malling hapa hapa Kent, litakusubirisha mwaka wa 4 au wa 5 na mti wake ni mkubwa zaidi. Mcheri uliobebeshwa kwenye mche wa cheri mwitu unaweza kukaa miaka 7 bila tunda na ukalipita paa la nyumba. Kama kibandiko cha bustani ya miche bado unacho, kisome kabla hujaulaumu mti.

Kama umri umetosha, tazama machipukizi ya mwaka huu. Mti wa kuzaa ukirusha machipukizi yanayozidi sentimita 90, yote yamesimama wima kama fito, basi nguvu zake zinaishia kwenye mbao. Mara nyingi chanzo ni mbolea ya nyasi: unarutubisha majani ya uwanja, mizizi ya mcheri iliyoko chini yake inakula naitrojeni yote. Acha mbolea hiyo mita mbili kuzunguka shina. Kisha chukua kamba na vigingi, ulaze matawi machanga taratibu mpaka yakaribie usawa wa ardhi. Tawi lililolala hutengeneza matumba ya maua. Lililosimama hukimbilia juu. Nililaza matawi manne ya mti wangu wa pili Juni moja, na mwaka uliofuata ni hayo manne peke yake yaliyochanua kwa wingi, mengine yakitazama.

Kivuli nacho kinazuia maua. Mcheri unataka jua saa 6 kwa siku au zaidi. Na kama Februari ulikuta magamba madogo ya kahawia yamemwagika chini ya mti, kuna ndege wanaokula matumba kabla hayajafunguka.

Sababu ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi tuliotoka kwenye joto. Kila nikituma picha za mavuno, shangazi yangu wa Lushoto hunipigia.

"Mwanangu, tuletee miche na sisi tupande."

"Shikamoo shangazi. Miche si shida, shida ni baridi."

"Baridi? Wewe umesahau Julai ya huku!"

Sijaisahau. Lakini mcheri hauhisi baridi kama ngozi yetu, unahesabu saa. Ukishapukutisha majani unalala, na hauwezi kuamka vizuri mpaka upitie saa nyingi za hewa iliyo kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Aina nyingi za cheri tamu zinahitaji saa 800 mpaka 1,200 za namna hiyo. Kwenye milima ya Usambara usiku wa Julai unakufanya utafute blanketi, lakini mchana joto linarudi na hesabu haitimii. Mti ukikosa saa zake hauishi wala haufi: majani yanatoka machache machache kwa miezi, ncha za matawi zinabaki tupu, maua mawili matatu yanachungulia kwa nyakati tofauti bila kukutana. Zipo aina zilizozalishwa Marekani kwa ajili ya sehemu zenye baridi kidogo, kama Minnie Royal na Royal Lee, na hata hizo zinataka saa 400 mpaka 500. Nilimwambia shangazi ukweli huo, nikamsihi fedha yake aiweke kwenye plamu ambazo Lushoto imezizoea.

Maua yalijaa, tunda hakuna

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na inauma, kwa sababu mti mweupe tii mwezi wa nne unakupa matumaini makubwa.

Tafuta kwanza jina la aina. Cheri tamu nyingi haziwezi kujichavusha zenyewe, na si hivyo tu: kuna aina zisizoweza hata kuchavushana. Chavua inapotua juu ya ua, ua hulitambua kundi lake la kinasaba; likikuta ni lile lile, linaizuia isifike kwenye yai. Bing, Lambert na Napoleon wako kundi moja. Unaweza kupanda yote matatu bega kwa bega, yakachanua pamoja, nyuki wakazunguka kutwa, na usiokote kitu. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri wa kawaida ni "panda miwili", na miwili ya kundi moja ni sawa na mmoja.

Tatizo hilo liliwasumbua wakulima kwa vizazi. Ufumbuzi ulianzia maabara ya John Innes hapa Uingereza, ambako chavua ilipigwa miale ya eksirei na kupatikana miche inayojichavusha. Wazalishaji wa Summerland, Kanada, waliichukua kazi hiyo, na mwaka 1968 wakatoa Stella, cheri tamu ya kwanza yenye jina inayojichavusha yenyewe. Lapins, Sunburst na Sweetheart zilifuata kutoka huko huko. Kwa mwenye nafasi ya mti mmoja tu, chagua katika hizi. Na kama tayari una mti usiozaa kwa kukosa mwenza, Stella iliyo karibu itausaidia mradi ichanue wakati mmoja nao. Si lazima iwe kwako. Mcheri wa jirani ng'ambo ya uzio unatosha kabisa. Morello usiitegemee kwa kazi hii, huchelewa kuchanua.

Kama aina si tatizo, rudi kwenye hali ya hewa ya siku za maua. Hapa kuna kipimo ambacho ningependa kila mwenye mcheri akijue. Asubuhi baada ya usiku wa jalidi, chuma maua kumi kutoka pande tofauti, juu na chini. Lipasue kila moja kwa ukucha kuanzia kwenye kikonyo. Katikati utaona kijiti chembamba chenye kifuko chini yake, hicho ndicho kingekuwa cheri. Kikiwa kijani kibichi, ua ni zima. Kikiwa cheusi au kahawia, ua limekufa, ingawa petali zake bado ni nyeupe na nyuki bado wanalitembelea. Maua yaliyofunguka kabisa yakikaa kama nusu saa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, karibu 1 kati ya 10 hufa. Ikifika 4 chini ya sifuri, zinabaki 1 tu kati ya 10. Tofauti ya nyuzi mbili hizo ndiyo tofauti ya kapu na kiganja.

Ukijua jalidi inakuja, funika mti mdogo jioni kwa kitambaa chepesi cha bustani, ukiache kifike chini ili kinase joto la ardhi, na ufunue asubuhi nyuki wapate njia. Sogeza matandazo pembeni wiki hiyo na ulowanishe udongo: udongo ulio wazi na wenye unyevu hushika joto la mchana na kulitoa usiku, wakati majani makavu yanalifungia chini. Mti wa mita 6 haufunikiki. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda shina fupi.

Jalidi isipokuwepo, basi ni nyuki. Nyuki wa mzinga hawatoki vizuri hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 hivi. Nyuki wale wakubwa wenye manyoya, waitwao bumblebee kwa Kiingereza, huvumilia zaidi. Wiki nzima ya mvua na upepo inaweza kupita bila ua kuguswa. Kwa mti mfupi nimewahi kuchukua brashi laini ya rangi za maji, mchana jua likichungulia, nikapita ua kwa ua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Ni kazi ya saa nzima. Kile kipande nilichokipitia kilizaa.

Vitunda vinaanguka vikiwa vidogo

Hii ndiyo ile nusu ndoo yangu. Pasua kitunda kimoja kilichoanguka. Kokwa likiwa laini na ndani yake pamesinyaa au ni maji matupu, hakikuchavushwa, au kilichavushwa kisha mbegu ikafa kwa baridi. Mti umeking'oa kwa sababu hakina uhai. Hakuna dawa ya kumwagia. Kumbuka tu wiki ya maua ilikuwaje.

Kama mbegu ndani ni nzima, nono na nyeupe, hapo ndipo utafute sababu ya sasa: ukame wa ghafla mwezi wa tano, au siku nyingi za mawingu mazito ambapo majani hayapati mwanga wa kulisha matunda yote. Mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki badala ya kunyunyiza kila siku. Na ukumbuke kwamba mti kupunguza mzigo wake ni kawaida. Nimeacha kuhangaika na robo inayoanguka. Nikiona zaidi ya nusu ndiyo nauliza.

Cheri zinapasuka zikikaribia kuiva

Tunda likishaanza kuwa jekundu ngozi yake haitanuki tena sana, lakini sukari iliyomo inavuta maji. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kupitia ngozi yenyewe, hasa kwenye kishimo cha kikonyo na pale nchani tone linapoganda. Mizizi nayo, kama ilikuwa na kiu, inanyonya kwa pupa na kusukuma juu. Cheri inatatuka.

Mahali mpasuko ulipo panakuambia kitu. Mistari midogo ya duara kuzunguka kikonyo au nyota ndogo nchani ni maji ya juu, ya mvua. Ufa mrefu ubavuni, mpaka kokwa linaonekana, mara nyingi ni maji ya mizizi baada ya ukame. La kwanza unalipunguza kwa kutikisa matawi mara mvua ikikatika, au kwa kutandaza karatasi ya nailoni juu ya mti mfupi wiki tatu za mwisho, pande ukiziacha wazi hewa ipite. La pili unalizuia mapema, kwa kuuweka udongo na unyevu ule ule kuanzia Mei. Wenye mashamba makubwa huku Kent siku hizi hufunika mistari mizima kwa mahandaki ya nailoni.

Cheri iliyopasuka haingoji. Ichume siku hiyo hiyo, kabla ukungu wa kahawia haujaingia, maana ukiingia kwenye moja unahamia kichala kizima. Zilizooza zikakauka tawini usiziache zining'inie. Humo ndimo ukungu unamolala mpaka maua ya mwakani, na ndio huohuo unaonyausha maua na vijitawi vyake Aprili.

Matunda yanatoweka

Ndege. Kwezi wakija kundi wanamaliza mti asubuhi moja, na njiwa hawasubiri hata ziive. Kanda za kung'aa na bundi wa plastiki huwatisha siku tatu. Kinachofanya kazi ni wavu, uwekwe cheri zinapoanza kubadilika rangi, uvutwe ukaze na ufungwe chini. Wavu uliolegea unanasa ndege na nungunungu wadogo wa huku, wanakufa polepole, na hilo halistahili kwa ajili ya matunda. Ukague kila siku.

Kuna funza ndani

Usitupe mavuno kabla hujajua ni funza yupi. Chukua cheri 20 zilizoiva, zibonyeze kidogo, ziweke kwenye bakuli la maji yenye chumvi nyingi, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe. Ngoja dakika 15 mpaka 30 chini ya mwanga mzuri. Wakiwepo watatoka: vinyuzi vyeupe vya milimita chache, vinajinyonganyonga juu ya ngozi ya tunda. Mara ya kwanza kuviona nilikaa kimya mezani muda mrefu, kwa sababu zile cheri kwa nje zilikuwa nzuri kabisa, zimekaza, zinang'aa.

Wengi na wadogo ndani ya tunda moja, hao ni watoto wa Drosophila suzukii, nzi mdogo wa asili ya Asia ya Mashariki. Dume ana doa jeusi kwenye kila bawa. Jike ana kisu chenye meno kama msumeno cha kutobolea ngozi ya tunda zima, jambo ambalo nzi wa ndizi mbovu hawezi. Ulaya na Marekani bara alionekana 2008, na Uingereza 2012, East Malling. Dhidi yake usafi unashinda dawa. Chuma kila tunda, hata baya, usiache lolote mtini wala chini. Yaliyoharibika yafunge kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa na uuanike juani. Kwenye lundo la mboji wataendelea kuzaliana. Wavu wa kumzuia uwe na matundu chini ya milimita 1, na ufungwe nyuki wakishamaliza kazi yao. Cheri zinazoiva mapema humpita kabla hajawa wengi.

Funza mmoja tu, mnene, mweupe, amejibanza karibu na kokwa? Huyo ni nzi wa cheri, msumbufu mkubwa Ulaya bara. Hujizika ardhini majira ya baridi na kutoka kuanzia Mei, cheri zinapogeuka manjano. Ndugu zetu walioko Ujerumani na Uswisi watundike vibao vya manjano vyenye gundi upande wa jua wiki hizo, na aina za mapema zitawaepusha naye zaidi kuliko chochote kingine.

Gundi inachuruzika na tawi linakufa

Gundi ya rangi ya kaharabu kwenye shina inatisha, lakini peke yake ni alama tu kwamba mti umeumia. Mashine ya kukata nyasi ikiugonga unatoa gundi. Mizizi ikizama kwenye maji, vile vile. Swali ni nini kiko chini ya gome.

Chukua kisu safi, kwangua kidogo pembeni mwa gundi. Chini ya gome pakiwa kijani na kuna unyevu, mahali hapo pazima, acha pajiponye. Pakiwa kahawia kama chai iliyokolea, gome limebonyea, na matumba ya tawi hilo hayakufunguka mwezi wa nne au yalifunguka kisha majani yakanyauka, unatazama donda la bakteria. Anaitwa Pseudomonas syringae. Huishi juu ya majani bila kukusumbua, kisha majani yanapopukutika na mvua zikinyesha huingia kwenye makovu ya majani na kwenye kila jeraha, na kufanya kazi yake polepole majira yote ya baridi. Wewe unaona matokeo majira ya kuchipua.

Jeraha la mti wangu nililitia mwenyewe. Januari moja yenye jua zuri nilichukua msumeno nikapogoa matawi matatu mazito, kwa mazoea ya nyumbani, ambako plamu tulizipogoa zikiwa zimelala. Mei, kila nilipokata palikuwa na donge la gundi, na tawi moja kubwa lilikauka mpaka shinani. Mzee jirani yangu, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya cheri ujana wake wote, aliuliza swali moja tu: ulikata lini? Kisha akatikisa kichwa.

Mcheri unapogolewa kiangazi, Julai au Agosti mavuno yakiisha, siku kavu, hewa ikiwa na utabiri wa kubaki kavu. Miche michanga inaweza kukatwa matumba yanapofunguka Aprili. Tawi lenye donda likate mpaka uone mbao nyeupe ya maziwa pande zote, bila uzi wa kahawia, halafu ongeza kama sentimita 15. Futa msumeno kwa spiriti kati ya mkato na mkato. Choma kilichokatwa. Dawa za shaba walizotumia wazee haziuzwi tena kwa bustani za nyumbani hapa Uingereza, kwa hiyo kalenda na kisu safi ndivyo ulivyo navyo. Donda likizunguka shina kuu lote, mti hauponi.

Kipimo hicho hicho cha kukata ndicho kinachotambua ugonjwa wa majani ya fedha. Majani ya tawi moja hung'aa kijivu kama bati, kisha mengine yanafuata. Likate tawi lenye unene wa dole gumba na ulowanishe mkato: doa jeusi la kahawia katikati linathibitisha kuvu iitwayo Chondrostereum purpureum, nayo pia huingia kwa majeraha ya miezi ya mvua. Mti mzima ukigeuka fedha kwa mara moja na mbao ndani ni safi, basi ni njaa au kiu, na maji na mboji vitaurudisha.

Majani yana shida

Ncha zimejikunja kama ngumi na ndani kuna vijidudu vyeusi: vidukari vya cheri. Fuata mstari wa sisimizi utawafikia, maana sisimizi wanawalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Kwenye mti mdogo kata zile ncha mwezi wa tano, au puliza maji ya sabuni laini chini ya majani kabla hayajajikunja. Yakishajikunja sabuni haifiki. Mti mkubwa uache. Kiangazi kikikolea vidukari wenyewe huhamia magugu mengine, na wadudu kama vile vibibi vyekundu vyenye madoa meusi (ladybird) wanakula sehemu kubwa.

Matundu ya duara yenye pete ya kahawia, kana kwamba mtu amepiga risasi za marisawa, si viwavi. Kiwavi mara nyingi hula kuanzia ukingoni. Matundu haya ni madoa yaliyokauka yakadondoka, na mara nyingi ni yule yule bakteria wa donda, kagua matawi.

Nukta ndogo za zambarau, kisha jani linakuwa manjano na kuanguka Julai, hilo ni doa la majani linalosababishwa na kuvu, na wenzetu wa Michigan na maeneo yenye kiangazi cha mvua wanalijua sana. Fagia majani yote yaliyoanguka, yaondoke kabisa bustanini. Mti uliovuliwa majani Julai unaingia baridi bila akiba na unaweza kufa Januari kwa jambo lililotokea kiangazi.

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani: madini ya chuma hayapandi. Huku Kent tuna udongo wa chokaa, na chokaa inayafunga madini hayo. Mcheri unapenda pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6 hadi 7.

Cheri mbili zimeungana

Hazina ugonjwa, zile. Matumba ya mwaka huu yalianza kuumbwa Julai na Agosti iliyopita. Joto likizidi nyuzi 30 siku kadhaa wakati huo, ua linaweza kuumbwa na vifuko viwili badala ya kimoja. Wanangu huzigombania.

Mti mzima umenyauka kiangazi

Chimba shimo la sentimita 45 karibu na mti, lijaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamo, mizizi ilikufa kwa kukosa hewa majira ya baridi, na jua la Juni limekuja tu kudai maji ambayo mizizi haiwezi tena kuyapandisha. Kuzidisha maji sasa ni kuumalizia. Mti mchanga uliopandwa karibuni unaweza kung'olewa Novemba na kupandwa juu ya tuta la sentimita 30. Mkubwa hautaokoka.

Ukiung'oa uliokufa, usipande mcheri mwingine shimo lile lile, wala plamu. Udongo umebaki na yale yaliyoisumbua mizizi ya kwanza, na mche mpya utadumaa bila sababu unayoiona. Hapo weka tufaa au peasi. Mcheri mpya utafutie kona nyingine, mwinuko kidogo ambako hewa ya baridi inateremka na kupita badala ya kutuama, na upande kati ya Novemba na Machi mti ukiwa umelala, mahali pa kubebeshea pakiwa kiganja kimoja juu ya udongo. Andika tarehe, jina la aina na la shina la chini kwenye daftari. Langu linakaa jikoni kando ya chumvi, na ndilo ninalolifungua kwanza jani la kwanza likinywea.